Ngome si mawe pekee: Meru na Embu katika hesabu ya turathi zetu

Mwezi wa Julai mwaka 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana New Delhi, India, iliuingiza mji wa kale wa Gedi katika orodha ya mahali ambapo ulimwengu mzima unatakiwa kupahifadhi. Kwa hatua hiyo Kenya ikawa na mahali patano palipoorodheshwa kwa ajili ya utamaduni: mji wa kale wa Lamu (2001), makaya matakatifu ya Wamijikenda (2008), Ngome ya Yesu ya Mombasa (2011), Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori (2018), na sasa Gedi. Mlima Kenya nao umo orodhani tangu 1997, lakini uliingizwa kwa jina la maumbile, yaani barafu yake, vilele vyake, misitu yake na viumbe vyake.

Mwalimu wa historia wa Chuka, Runyenjes au Maua akiisoma orodha hiyo mbele ya wanafunzi wake, hana budi kuona jambo la ajabu. Mlima anaouona kila asubuhi unatambuliwa na ulimwengu kama mlima wenye mimea na wanyama, lakini usio na watu. Wameru, Waembu, Wambeere, Wachuka na Watharaka, ambao wameishi chini ya mlima huo kwa karne kadhaa, wakalima migongo yake na kuilinda, hawamo.

Kinachonisumbua si kwamba UNESCO imewasahau. Orodha ile huandikwa kutokana na maombi ya serikali zenyewe, na asiyeomba hapewi. Kinachonisumbua ni sababu ya sisi kutoomba. Tumejifunza, shuleni na nje ya shule, kwamba ngome ni kitu cha mawe. Pasipo na ukuta wa kupigia picha, twasema kwamba hapana cha kale. Kwa kipimo hicho nchi nzima ya Meru na Embu yaonekana kuwa mashamba ya chai, kahawa na miraa tu, yaliyoanza kulimwa jana. Nadai kwamba kipimo hicho ni cha uongo, na kwamba kinatugharimu ushahidi ambao hautapatikana tena.

Tuyape mawe haki yake kwanza. Thimlich Ohinga iko juu ya mwinuko, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, bila chokaa, bila hata udongo wa kushikanishia, na zimesimama kwa muda unaokadiriwa kuwa karne tano, mahali pengine zikizidi mita nne kwenda juu. Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Milango ni midogo, makusudi, ili adui asipate kuingia kwa kishindo. Ndani palikuwa na nyumba, mazizi ya mifugo, na mahali pa kufulia chuma. Watafiti wamehesabu kusini mwa Nyanza mahali zaidi ya 130 penye mabaki ya namna hii, na maboma zaidi ya 500. Jamii zaidi ya moja zilikaa humo kwa zamu, na kila iliyofika ilitengeneza kile ilichokikuta.

Hata hivyo, mawe hayo hayakuchaguliwa kwa ajili ya fahari. Yalichaguliwa kwa sababu yametapakaa juu ya vilima vile, na mtu hujenga kwa kile alichokanyaga. Huko huko magharibi, mahali pasipo na mawe mengi, watu walichimba mahandaki na kuinua kuta za udongo. Wajaluo huziita ngome hizo gunda bur. Wabukusu walikuwa na ngome za udongo na handaki za Lumboka na Chetambe, na ni humo walimopigania uhuru wao mwaka 1895 dhidi ya majeshi yaliyoongozwa na Waingereza. Hakuna aliyewauliza kama udongo ni ngome au si ngome. Risasi zilijibu swali hilo.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu ni makaya ya Wamijikenda. Kaya ilikuwa makazi yaliyojengwa ndani ya msitu, aghalabu juu ya kilima, na kuzungukwa na ua wa magogo. Njia za kuingilia zilikuwa chache, zikipita katika malango yaliyolindwa, na katikati palikuwa na uwanja wa wazee. Mgeni akifika leo katika nyingi kati ya kaya hizo ataona miti, vipande vya vyungu, makaburi, vigango, na mianya myembamba msituni ambayo wazee humwambia kuwa ilikuwa malango. Ukuta wa kupigia picha hatauona. Na bado makaya kumi na moja yaliingizwa katika orodha ya dunia mwaka 2008.

Hayakuingizwa kwa bahati. Thomas Spear alikuwa amekwisha kuandika historia ya makaya mwaka 1978 kutokana na masimulizi ya wazee. Henry Mutoro, Mkenya, aliyachunguza kiakiolojia na kuandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1987. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa yakaanzisha kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya pwani. Muhimu zaidi ni kwamba wazee wenyewe hawakuwa wameyaacha majina na miiko ya kaya zao. Ukoloni ulikwisha kutambua nguvu ya mambo hayo mapema kuliko wasomi. Baada ya Mekatilili wa Menza kuwalisha Wagiriama kiapo mwaka 1913, serikali iliipasua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Mtu hapasui kwa baruti kitu anachokiona kuwa ni kichaka tu.

Kwa nini ninawapeleka Wameru na Waembu hadi Kilifi na Kwale? Kwanza, kwa sababu Wameru wenyewe husema walitoka huko. Masimulizi yao yanaanzia Mbwa, nchi iliyozungukwa na maji, ambako walitawaliwa na Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, waliowapa majaribu yasiyowezekana mpaka wakaamua kutoroka. Walivuka maji, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana, na ndiyo asili inayotajwa ya koo za njiru, ntune na njeru: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi haya kwa wazee, aliielekeza Mbwa kwenye kisiwa cha Manda katika funguvisiwa la Lamu. Wako wanaompinga, nami sina haja ya kuamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba Wamijikenda nao wana simulizi la kuhama kutoka kaskazini, Shungwaya, na kwamba watu wanaokumbuka kufukuzwa huwa hawajengi makazi mapya kwa uzembe.

Sababu ya pili ni nchi yenyewe. Itazame ramani. Mito ya Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita inashuka kutoka mlimani kuelekea bonde la Tana, na kila mto umechonga korongo refu. Kati ya korongo na korongo pamebaki mgongo mwembamba. Anayeishi juu ya mgongo huo ana kuta mbili alizojengewa na maji: upande wa kulia na upande wa kushoto hapandiki kwa urahisi. Juu yake uko msitu, chini yake iko nyika iliyo wazi. Kazi ya ulinzi hubaki kuwa kufunga ncha mbili tu. Mjenzi wa Thimlich alilazimika kuzungusha ukuta pande zote. Mkazi wa mgongo wa Mwimbi au wa Imenti alihitaji ua wa magogo na miiba mahali pawili, pamoja na vijana wasiolala.

Vijana hao walikuwa na nyumba yao. Kwa Kimeru inaitwa gaaru, nyumba ya wapiganaji, ambamo vijana waliotahiriwa walilala pamoja, wakafundishwa, na wakatoka mara moja mbiu ilipopigwa. Wagikuyu waliopakana na Wamaasai waliacha ukanda wa msitu mnene kati yao na mbuga, na kwenye kingo hizo wakajenga vijiji vyenye malango na ua wa vita, walivyoviita ihingo. Wasafiri wa karne ya kumi na tisa, waliokuja na bunduki na shajara, waliziandika njia hizo nyembamba za msituni kwa hofu iliyo wazi.

Ngome hizo ziko wapi leo? Mti huliwa na mchwa. Mvua za mlimani hazina huruma, na udongo mwekundu wa volkeno ulimwa msimu baada ya msimu, kisha ukapandwa kahawa, kisha chai. Kinachobaki ardhini ni alama za mashimo ya nguzo, majivu, vigae, na mavi ya chuma mahali ambapo wafua chuma walikaa. Mabaki hayo hayaonekani na mtu apitaye kwa gari. Humwonekania mwakiolojia aliyeambiwa achimbe wapi. Na wa kumwambia ni nani? Hapa ndipo taaluma yangu inapoingia, na naomba msomaji anivumilie nimkaribishe darasani kwa muda mfupi.

Lugha za Kibantu zina undugu unaofuata kanuni. Kiswahili kina neno figa, jiwe la kutegea chungu. Mgikuyu husema ihiga, na kwake ni jiwe lolote. Mwembu husema iviga. Mmeru husema iiga. Linganisha pia neno la ukoo: Kigikuyu ni muhiriga, Kiembu ni muviriga, Kimeru ni mwiriga. Kanuni yajionyesha yenyewe. Penye h ya Mgikuyu, Mwembu huweka v, na Mmeru huidondosha. Na penye hi ya Mgikuyu katika maneno ya aina ya figa, Kiswahili kina fi: figo yetu kwao ni higo.

Sasa chukua kitenzi cha Kigikuyu hinga, maana yake funga. Ndicho kilichozaa kihingo, yaani lango, na ile ihingo ya vita niliyoitaja. Kwa kanuni tuliyoiona, ndugu yake katika Kiswahili angepaswa kuwa finga. Na neno hilo lipo! Kamusi za zamani za Kiswahili hueleza finga kuwa ni kukinga mahali kwa uganga, na fingo kuwa ni kago lenye kufukiwa ardhini ili mahali hapo pasidhuriwe. Wamijikenda, kwa upande wao, husema kwamba kila kaya ilisimama juu ya fingo, dawa waliyokuja nayo kutoka Shungwaya na kuifukia.

Hoja ninayoiweka mezani ni hii. Lango la mlimani na fingo la pwani ni neno moja kwa asili, na mababu waliolitumia hawakutenganisha kufunga mahali kwa gogo na kufunga mahali kwa dawa. Ngome kwao ilikuwa tendo kabla ya kuwa jengo. Ilikuwa kuweka mpaka ambao adui asingeuvuka kwa mwili wala kwa uchawi. Ikiwa hivyo ndivyo, mchunguzi anayetafuta ukuta tu katika nchi ya Meru na Embu anatafuta nusu ya kitu. Atafute pia mahali ambapo wazee wanakataza kukata mti, mahali ambapo njia inapinda bila sababu ya kimaumbile, mahali ambapo jina lina maana ya lango na lango halipo.

Niongeze onyo, kwa kuwa majina humvuta mtu kuota. Neno ohinga la Dholuo lafanana na ihingo, na wanafunzi wangu huruka kwa furaha wanapoliona. Dholuo si lugha ya Kibantu, kwa hiyo undugu wa kurithi haupo. Ukiwapo uhusiano utakuwa wa kukopa, na kukopa huthibitishwa kwa njia nyingine kabisa. Kufanana si ushahidi. Tazama yaliyolipata neno boma. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba boma ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayohusu usimamizi wa makoloni. Ni upuuzi. Kamusi ya Krapf, iliyochapwa mwaka 1882, inalo neno hilo, na himaya ya Waingereza katika Afrika Mashariki ilitangazwa mwaka 1895. Mzungu alilikuta boma, akalitia ofisi ndani. Kwamba tuko tayari kuamini kuwa hata ua wa ng'ombe wetu tulipewa jina na afisa wa ng'ambo, hilo lasema mengi juu ya elimu tuliyoipokea.

Akiolojia nayo ina onyo lake. Kandokando ya Mlima Kenya kuna mashimo ya kale ambayo masimulizi huyahusisha na Agumba, watu wafupi waliokaa huko kabla ya Wagikuyu na majirani zao. Husemwa kwamba waliishi ndani ya mashimo hayo. Kauli kama hiyo ilisemwa pia juu ya mashimo ya Sirikwa katika Bonde la Ufa na nyanda za magharibi, mpaka John Sutton alipoyachunguza na kuonyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilikuwa kando. Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, pana mashimo ya namna hiyo, na juu ya kilima pana mabaki ya boma la mawe. Upande wa mlima wetu, Ari Siiriäinen alichimba Gatung'ang'a katika Nyeri na kuchapisha matokeo mwaka 1971, akilikabili swali la Agumba moja kwa moja. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo. Vyuo vikuu vya umma vya Embu, Chuka na Meru vimezaliwa katika kipindi hicho.

Nimezungumza mpaka sasa juu ya ngome za watu waliojifungia wenyewe. Iko ngome nyingine katika Meru na Embu, ya karibu zaidi, na juu yake tumenyamaza zaidi.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwakusanya Wagikuyu, Waembu na Wameru katika vijiji vipatavyo 800. Waliohamishwa walikuwa takriban milioni moja. Nyumba za zamani zilichomwa, na watu wakapangwa kwenye mistari, mara nyingi juu ya migongo ile ile na kwenye vilele vya vilima, ili mnara wa homgadi uweze kuona kila mlango. Vijiji vingi vilizungushiwa seng'enge na handaki lililosimikwa vijiti vyenye ncha kali. Aidha, kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki lenye urefu wa maili 50 hivi, kwa nguvu za watu wasiolipwa, wengi wao wanawake, ili wapiganaji waliomo msituni wasipate chakula wala habari.

Kwa umbo, hiyo ni ngome kamili: kilima, ua, handaki, lango, mlinzi. Kwa maana, ni ngome iliyogeuzwa nje ndani. Adui aliyezuiwa alikuwa mwenyeji asitoke. Siioni njia bora ya kumfundisha mwanafunzi tofauti kati ya ulinzi na kifungo kuliko kumpeleka kwenye mabaki ya mgongo mmoja ulioonja yote mawili.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kutoka upande wa Embu, aliwahi kuniletea kazi ya kukusanya majina ya mahali katika lokesheni yao. Kati ya majina yale mlikuwa na moja alilolifasiri kuwa mfereji wa kahawa. Nilimwuliza kahawa ya nani, na mfereji wa kwenda wapi, maana maji hayapandi mlima. Alirudi kwao wikendi, akamwuliza nyanya yake. Kikongwe yule alinyamaza kwanza. Kisha alimwonyesha mjukuu mahali alipochimba akiwa msichana, hatua kwa hatua, na akamtajia wanawake waliokuwa kulia na kushoto kwake katika mstari. Binti yule alikuwa amelivuka handaki hilo kila siku akienda shuleni.

Mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1954 alizaliwa mwaka 1939. Kila msomaji anaweza kufanya hesabu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na kesi ile ilisimama juu ya ushahidi wa wazee waliosimulia na wa nyaraka zilizokuwa zimefichwa. Hukumu zijazo, ziwe za mahakama au za historia, zitahitaji pia ardhi itoe ushahidi wake. Ardhi hiyo inasawazishwa. Handaki hufukiwa ili kupata futi chache za kupanda migomba, kilima huchimbwa mawe ya ujenzi, na tangu 2012 ua wa umeme umekuwa ukijengwa kando ya msitu wa mlima kuwazuia ndovu wasiharibu mashamba. Siupingi ua huo. Mkulima aliyepoteza mahindi ya msimu mzima ana haki ya kuulilia. Nasema tu kwamba mtu anayesimika nguzo kwenye ukingo ule anasimika juu ya kitu, na ingefaa mtu mwingine awe amekiandika kwanza.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, ikaiachia serikali kuu minara na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kuzipa kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inautumia mwaka 1895 kuwa mpaka inapoeleza vitu vya kale. Chochote kilichojengwa baada ya hapo chahitaji waziri atie saini na kutangaza katika gazeti rasmi la serikali ndipo kilindwe. Handaki la 1954, kwa hiyo, halina utetezi mpaka mtu aliombee. Ngome ya magogo ya mwaka 1800 ina utetezi kwa jina, lakini haina mtu wa kuonyesha ilipokuwa.

Tunavyohifadhi ni kioja. Utawala wa kikoloni ulifungua boma lake Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi. Jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya huko Meru ndilo Makumbusho ya Meru tangu 1974. Ni jengo zuri, na kazi inayofanywa humo ni ya maana. Watoto wengi wa shule wameona humo kwa mara ya kwanza namna babu zao walivyoishi. Ila msomaji aone mpangilio wenyewe: cha mawe ndicho kilichohifadhiwa, na cha miti kimeonyeshwa kama mfano uani.

Sitarajii kaunti zianze na UNESCO. Maombi ya aina hiyo huchukua miaka, na hupenda kugeuka kuwa safari za maofisa na mabango ya watalii. Kazi ya kwanza ni ndogo, na inaweza kufanywa na walimu walioko madarasani sasa. Mtaala mpya unadai miradi na huduma kwa jamii, na walimu wengi hunung'unika kuwa miradi hiyo imekuwa ya kuwanunulisha wazazi karatasi za manila. Basi mradi huu hapa, usiohitaji kununua kitu. Mwanafunzi aandike majina ya kila kijito, kilima, kichaka na njia panda katika eneo la shule yake. Kando ya kila jina aandike nani alimwambia, mtu huyo ana umri gani, na alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiembu, Kimbeere, Kitharaka au Kimeru alichokitumia, bila kukisafisha. Maneno yale yale ndiyo ushahidi. Tafsiri tutaifanya baadaye. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwa idara ya utamaduni ya kaunti, na ya tatu kwa chuo kikuu kilicho karibu.

Jambo moja nalisisitiza kwa walimu: wanafunzi wasichimbe. Kigae kilichong'olewa kimekwisha kupoteza nusu ya habari yake, kwa kuwa habari imo katika tabaka la udongo kilipolala. Wakiona vigae, mavi ya chuma au shimo lisilo la kawaida, wapige picha, waandike mahali, waache. Na patakapotajwa mahali penye mwiko, wasipaingie kwa ajili ya alama za mtihani. Njuri Ncheke ya Nchiru na kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes pana wenyewe, na ruhusa huombwa.

Shule zitafungwa Agosti, na wanafunzi wengi wataenda kwa nyanya na babu zao. Swali la kuanzia ni jepesi, na mimi hulitumia na wanafunzi wangu wote: hapa tulipoketi paliitwaje kabla ya 1954, na kabla ya hapo nani alilala macho usiku ili wengine walale?